Kuchagua Hema la Wavu kwa Ajili ya Kambi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaopiga kambi Tanzania na Kenya, iwe ni familia inayokwenda Mikumi kwa siku mbili, kikundi cha marafiki kinacholala ufukweni Saadani, au msafiri anayezunguka hifadhi kadhaa kwa gari lake. Mengi yake yanategemea hoja moja: hema la wavu huchaguliwa kwa kuangalia wadudu na ardhi ya mahali unapokwenda, kisha ndipo ukubwa na bei hufuata. Wanunuzi wengi huanza na ukubwa, na hapo ndipo fedha hupotea.

## Mambo ya msingi

Hema la wavu ni nini, na linatofautianaje na hema la kulala?

Hema la wavu ni sebule ya kambini. Lina paa la kitambaa kisichopitisha maji, kuta za neti pande zote na mlango mmoja au miwili ya zipu, na urefu wake humwezesha mtu mzima kusimama wima. Humo huwekwa meza na viti, watu hula, hucheza karata, huandika au hupumzika wakati wa jua kali bila kusumbuliwa na nzi, mbu wala nyuki.

Hema la kulala lina kazi nyingine. Lina sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, kitambaa kizito kinachomfunika mtu asionekane, na tabaka la pili la kuzuia mvua. Mahema mengi ya wavu hayana sakafu, kuta zake hazistiri, na mvua ya upepo hupenya pembeni. Anayetaka kitu kimoja cha kufanya kazi zote mbili asome swali la kulala ndani ya hema la wavu, katika sehemu ya mwisho.

Je, ninalihitaji kweli?

Si kila mahali. Kambi za umma ndani ya hifadhi nyingi za taifa Tanzania zina banda la kulia na jiko, na katika baadhi ya kambi za Seronera, Serengeti, mabanda hayo yamezungushiwa vyuma ili wanyama wasiingie. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambapo kambi ya umma ya Simba iko katika mwinuko wa mita 2,300 hivi, tatizo la jioni ni baridi na upepo, wala si mbu, na kuta za neti hazimpi mtu joto lolote. Safari ya namna hiyo inahitaji koti zito zaidi kuliko hema la pili.

Hali hubadilika ukichukua kambi maalumu, yaani eneo unalolipia peke yako ambalo halina banda, maji wala choo. Hubadilika pia kwenye kingo za Ziwa Victoria na Ziwa Baringo, kando ya Mto Ruaha Mkuu na Rufiji, katika fukwe zilizo karibu na mikoko, na karibu kila mahali penye joto katika wiki zinazofuata mvua za vuli na masika. Huko, chakula cha jioni bila wavu ni kazi ya kupunga mikono.

Je, hema la wavu linakinga malaria?

Linasaidia kwa sehemu, na ni hatari kulitegemea peke yake. Mbu aina ya Anofelesi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na sehemu kubwa ya kuuma huko hutokea usiku, wakati watu wameshaondoka mezani. Kwa hiyo neti ya mahali unapolala ina uzito zaidi kuliko neti ya mahali unapokula. Hema la wavu hupunguza kuumwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, na kwa kuwa linazuia pia mbu aina ya Aedesi wanaouma mchana na kueneza dengi, lina faida katika kambi za pwani hata kabla jua halijazama.

Bado vaeni mikono mirefu na suruali ndefu, mkapake dawa ya kufukuza mbu. Wenyeji wa maeneo ya baridi, na Waswahili waliokaa Ulaya, Amerika ya Kaskazini au Ghuba kwa miaka mingi, wamuone daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya safari, kwa sababu kinga ya mwili ya mtu aliyekulia penye malaria hupungua akikaa nje kwa muda mrefu.

## Wavu wenyewe

Matundu ya wavu yawe madogo kiasi gani?

Hili ndilo swali linalostahili muda mwingi kuliko yote, nalo ndilo wauzaji hulijibu kwa haraka kuliko yote. Neno "wavu wa mbu" kwenye boksi halitoshi.

Wavu wa kawaida wa chandarua una matundu 156 hivi kwa kila inchi moja ya mraba, na kila tundu lina upana wa milimita moja na nukta kadhaa. Kipimo hicho humzuia mbu, nzi, nyuki, nyigu na mbung'o. Hakimzuii usubi. Usubi wa pwani, wale wadudu wadogo mno wanaotoka kwenye matope ya mikoko jioni na kuacha vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa, wana urefu wa kati ya milimita moja na tatu tu, na hupita katika wavu wa mbu bila shida. Vivyo hivyo nzi wadogo wa mchangani, wanaoeneza kalaazari, ugonjwa unaoshambulia wengu na ini, katika maeneo makavu kama Baringo na Turkana, wanaweza kupenya wavu mpana.

Kwa mahali pa namna hiyo unahitaji wavu mwembamba zaidi, wenye matundu zaidi ya 600 kwa inchi ya mraba. Gharama yake si fedha tu. Kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo upepo unavyopungua ndani, na saa nane mchana kule Pangani au Watamu tofauti hiyo huisikia mwili mzima. Anayekwenda bara tu, kwa mfano Ruaha, Tarangire au Tsavo wakati wa kiangazi, afadhali achukue wavu wa kawaida wa mbu na kufurahia hewa. Anayechanganya bara na pwani achukue wavu mwembamba na paa lenye matundu ya juu ya kutolea joto.

Nitapimaje wavu nikiwa dukani?

Chukua rula, au kipande cha karatasi ulichokitia alama ya sentimita 2.5, ukiweke juu ya neti na uhesabu matundu kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukipata 12 au 13, huo ni wavu wa mbu. Ukipata 25 au zaidi, huo unafaa kwa usubi. Ukipata chini ya 12, rudisha bidhaa hiyo mahali pake.

Baada ya hapo vuta neti kwa vidole kwa mshazari, kwa nguvu ya kiasi. Neti nzuri hurudi katika umbo lake, na neti dhaifu huacha matundu yaliyopanuka. Angalia pia mshono unaounganisha neti na kitambaa cha paa, kwa sababu neti nyingi hutatuka hapo kwanza. Mshono ulio na utepe juu yake na uzi wa mistari miwili ndio unaodumu.

Je, wavu unazuia mbung'o?

Wavu wowote mzima unamzuia, maana mbung'o ni mkubwa. Tatizo la mbung'o ni kwamba huja pamoja nawe. Huvutwa na vitu vikubwa vinavyotembea, hufuata gari, na gari likisimama hushuka pamoja na abiria. Ukisimamisha hema la wavu huku mlango uko wazi, utawafungia ndani. Simika hema zipu zikiwa zimefungwa, kisha ingieni mmoja mmoja.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana vitambaa vya kuwategea vinavyoning'inizwa kando ya barabara katika hifadhi kama Tarangire vina rangi hizo mbili. Hema lenye paa la buluu iliyokolea ni chaguo baya kwa Katavi, Ruaha, Mikumi, ukanda wa magharibi wa Serengeti au Bonde la Lambwe. Kaki, rangi ya mchanga na kijani kilichopauka ni salama zaidi. Jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba mbu na mbung'o wanaweza kumuuma mtu aliyeegemea neti, wakiwa nje. Viti viwekwe angalau kiganja kimoja kutoka ukutani.

Neti nyeusi au nyeupe?

Nyeusi, kwa kuwa macho hupita ndani yake kwa urahisi na mandhari huonekana vizuri. Neti nyeupe hurudisha mwanga wa jua machoni, na mchana huonekana kama ukungu mbele ya mtazamaji. Nilichosema kuhusu rangi na mbung'o kinahusu hasa paa na vitambaa vizito.

Naweza kushonea vyandarua vilivyogawiwa bure?

Usifanye hivyo. Vyandarua hivyo viligawiwa ili watu walale ndani yake, na kila kimoja kinachokatwa kinamwacha mtu bila kinga. Tena uzi wake ni mwembamba kwa kazi hii. Umetengenezwa kuning'inia juu ya kitanda, si kuvutwa na vigingi katika upepo. Neti ya kununua kwa mita kutoka kwa wauza vitambaa haina gharama kubwa, nayo huja na upana wa kutosha kupunguza mishono.

Je, nitie dawa kwenye wavu?

Inasaidia, hasa kwenye pindo la chini ambako wadudu hutafuta upenyo. Dawa inayotumika zaidi kwa nguo na mahema ni pemetrini, ambayo ilitengenezwa kwa kuiga viuadudu vya maua ya pareto, zao linalojulikana vema kwa wakulima wa Nakuru na Iringa. Tia dawa nyumbani, nje, mahali penye hewa, uache hema likauke kabisa kabla ya kulikunja. Ikiwa mbichi ni sumu kali kwa samaki, nyuki na paka, kwa hiyo usiitie kando ya mto wala usimwage mabaki mtaroni.

## Umbo, ukubwa na sakafu

Kuna aina zipi za mahema ya wavu?

Ya kwanza ni hema ambalo fito zake zimeunganishwa tayari kwenye kila ukuta. Unavuta kitovu cha kila upande na ukuta unakaza wenyewe. Watu wawili hulisimamisha kwa dakika chache. Ni zito, huweza kuzidi kilo 12, na hata likikunjwa hubaki na urefu wa zaidi ya mita moja, hivyo linahitaji nafasi juu ya gari. Ya pili ni hema la fito za kuunganisha, jepesi zaidi na dogo likikunjwa, lakini huchukua muda na huhitaji mtu mwenye subira. Ya tatu ni chumba cha neti kinachoning'inizwa kwenye kivuli cha pembeni mwa gari. Ni kizuri mno kwa anayehama kila siku, na kasoro yake ni kwamba gari likitaka kutoka kwenda kuangalia wanyama, chumba lazima kikunjwe.

Ipo pia namna ya nne, ambayo ni turubai la kawaida linalofungwa kwenye miti na neti kuning'inizwa chini yake. Kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli hiyo ndiyo inayobebeka.

Nichukue ukubwa gani?

Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye boksi huhesabu watu waliokaa bila meza. Hema la mita 3 kwa 3 linatosha watu wanne waliozunguka meza kwa raha, au sita waliobanana. Kwa watu sita hadi wanane tafuta upande wa mita 3.6 au zaidi. Kiti kinahitaji nafasi ya kusogezwa nyuma bila kugusa neti, kwa sababu iliyotajwa katika swali la mbung'o. Lakini hema kubwa linahitaji eneo tambarare kubwa, na katika kambi zenye miti mingi eneo hilo halipatikani daima.

Lenye sakafu au lisilo na sakafu?

Kwa Afrika Mashariki jibu langu ni hili: lisilo na sakafu, lakini lenye pindo pana la chini. Sakafu iliyoshonwa hujaa matope, makombo na mchanga. Miguu ya viti huitoboa. Na miiba ya migunga huimaliza katika msimu mmoja. Kwa upande mwingine, hema ambalo neti yake inaishia juu ya nyasi ni mlango wazi. Mbu hutambaa chini ya ukingo huo, nge huingia kutafuta giza, na siafu hawahitaji hata kualikwa.

Pindo zuri ni kitambaa kizito cha sentimita 20 hadi 30 kilichoshonwa chini ya neti kuzunguka hema lote na kulazwa ardhini. Juu yake huwekwa mawe, mchanga au mifuko midogo iliyojazwa udongo. Kizingiti cha mlango nacho kiwe na pindo lake, maana hapo ndipo mahema mengi huacha pengo la vidole viwili. Ndani tandika jamvi au turubai la kawaida unaloweza kulikung'uta na kulifua.

Kuhusu siafu, hakuna pindo linalowazuia wakiwa katika msafara. Kabla ya kusimika zunguka eneo ukiangalia mistari yao, hasa wakati wa mvua. Wapishi wengi wa safari humwaga majivu kuzunguka kambi, na majivu makavu huwapotosha kwa muda, lakini yakilowa hayana kazi tena. Wakija kwa wingi, sogeza kambi.

Paa liweje kwa mvua?

Tafuta paa lenye mteremko wa kutosha, lililoandikwa kipimo cha kuhimili maji cha angalau milimita 1,500 (yaani kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa hukihimili kabla ya kuvuja), na mishono iliyofunikwa kwa utepe kwa ndani. Paa bapa hukusanya maji katikati, na uzito wake huvunja fito. Kwa safari za masika ongeza mapazia ya kuteremsha upande wa upepo. Poliesta huvumilia jua la ikweta kuliko nailoni, na turubai la pamba huvumilia zaidi ya vyote, ila ni zito na lazima likaushwe.

Fito za faibaglasi, alumini au chuma?

Faibaglasi ni rahisi kununua na hupasuka kwa vipande vyenye ncha kali. Chuma ni imara na huota kutu pwani. Alumini ndiyo ninayoipendekeza kwa anayemudu, kwa kuwa ikipinda inaweza kunyooshwa kambini.

Mlango mmoja au miwili?

Miwili, pande zinazotazamana, kama hema ni la mita 3 au zaidi. Zipu iwe ya plastiki yenye meno makubwa, si ya chuma.

## Kununua au kushonesha

Je, fundi wa hapa anaweza kunishonea?

Anaweza, na mara nyingi kazi yake huwa bora kuliko hema jepesi la kuagiza. Arusha na Nairobi zina mafundi ambao wameshona mahema ya kulia ya kampuni za safari kwa miaka mingi, wanajua jua la huku na wanajua tembo hupita wapi. Faida kubwa ni kwamba unachagua mwenyewe wavu, pindo na rangi, na kikichanika unajua pa kukipeleka.

Nenda ukiwa na mchoro wenye vipimo, ukimweleza fundi mahali unapokwenda. Mwambie mambo matatu mapema: pindo liwe la turubai zito, pembe za paa ziwekewe kitambaa cha pili mahali kamba zinapofungwa, na neti ishonwe ikiwa imelegea kidogo, kwani neti iliyokazwa sana hutatuka siku ya upepo wa kwanza. Omba mabaki ya neti na kitambaa uyatunze kwa viraka. Kisha simika hema hilo mbele ya fundi kabla ya kumalizia malipo.

Vipi nikinunua ng'ambo na kusafiri nalo?

Pima uzito na urefu wa kifurushi kwanza, kwa kuwa aina ya kwanza iliyotajwa juu hupita kwa taabu kwenye mizigo ya ndege. Toa mifuko ya plastiki iliyofungia vifaa kabla ya safari: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Nunua pia fito na vigingi vya akiba huko huko, maana vipimo vya viwanda havilingani na vinavyouzwa hapa.

## Kulitumia kambini

Nisimike wapi?

Tafuta mahali palipoinuka kidogo, penye kivuli cha alasiri, mbali na njia za wanyama zinazoelekea majini. Usisimike chini ya mwegea, kwa sababu matunda yake yana uzito wa kilo kadhaa na huanguka bila taarifa, na tembo huyafuata. Kaa mbali na vichuguu, ambako nzi wa mchangani hujificha mchana. Mlango uelekezwe upande usio na upepo.

Katika hifadhi usichimbe mfereji kuzunguka hema. Mteremko mzuri unatosha, na ardhi iliyochimbwa huachiwa mmomonyoko mvua zinapokuja.

Vigingi haviingii, au vinang'oka. Nifanyeje?

Kwenye mchanga vigingi vyembamba havifai kabisa. Tumia vigingi vipana, au fukia mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga kwa kina cha mkono na ufunge kamba juu yake. Kwenye mwamba zungushia kamba jiwe kubwa. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi vigingi hukaa vizuri siku ya kwanza na kulegea mvua ikinyesha, basi vikaguliwe kila jioni. Kamba zote zifungwe, hata anga likiwa tulivu, kwa sababu paa la hema la wavu hushika upepo kwa chini na kuinuka. Kando ya Ziwa Turkana na Ziwa Natron upepo huweza kuamka ghafla.

Je, naweza kupika ndani?

Hapana, na jibu hili halina masharti. Jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu kimyakimya, na mtu huwa mwepesi kuteremsha mapazia mvua inapoanza. Poliesta na nailoni huyeyuka zikiguswa na moto na kuganda kwenye ngozi. Jiko la gesi nalo liwe nje, mita kadhaa kutoka kwenye neti, upande ambao upepo hauleti miali kwenye hema. Chakula kikiiva ndipo kiingizwe.

Je, wavu unanikinga na wanyama?

Haukukingi. Simba, fisi na tembo hawazuiwi na neti. Nyani na tumbili huchana neti kwa sekunde wakiona ndizi mezani. Baada ya kula toa kila kitu, hata chumvi, sabuni na taka, ufungie ndani ya gari. Matunda yenye harufu, hasa machungwa, yasilale kambini ambako tembo wapo. Usiku hema la wavu libaki tupu, na viatu visiachwe humo, kwa kuwa fisi huvichukua.

Taa ipi inafaa?

Taa ya manjano yenye mwanga hafifu huvuta wadudu wachache kuliko taa nyeupe. Mbinu iliyo bora zaidi ni kutundika taa nyeupe moja mbali na hema ili wadudu waende huko, na kubaki na ya manjano ndani.

Jambo hili lina uzito wa pekee baada ya mvua, anapotokea yule mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi anayejulikana kama Nairobi fly. Huvutwa na mwanga, na akipondwa kwenye ngozi maji yake huunguza na kuacha malengelenge. Ukimwona juu ya mkono mpulize aondoke, usimpige. Akishapondwa, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, wala usiguse macho.

## Hali za pekee

Naweza kulala ndani ya hema la wavu?

Katika kambi iliyo ndani ya hifadhi, hapana, kwa sababu zilizotajwa katika swali la wanyama. Nje ya hifadhi, ndani ya uwanja wenye uzio na mlinzi, inawezekana wakati wa kiangazi, mradi utumie kitanda cha kukunja na utundike chandarua chako juu yake. Pindo la chini halibanwi vizuri kiasi cha kulitegemea usiku kucha.

Tunakwenda Ziwa Victoria, na makundi ya wadudu huja kama moshi. Wavu utatosha?

Wadudu wale hawaumi, lakini kwa wingi wao hujaza chakula, macho na pua. Wavu mwembamba huwazuia wengi. Lakini wakitua kwa maelfu huziba neti na hewa hupungua, kwa hiyo zima taa zote za ndani kundi linapokaribia, lisubiri lipite, kisha pangusa neti kwa brashi kavu. Ukiipangusa kwa maji wanagandamana na kuacha madoa.

Nina mtoto mdogo anayetambaa.

Hapa ndipo sakafu ya kushonwa inapofaa kuliko pindo, kinyume na nilivyoshauri juu. Chagua hema dogo lenye sakafu, litandikwe jamvi chini na juu ya sakafu, lipekuliwe kila asubuhi kabla mtoto hajaingizwa. Dawa ya pemetrini isipakwe sehemu ambazo mtoto anaweza kuzitia mdomoni.

Neti imechanika katikati ya safari.

Tundu dogo lishonwe kwa uzi wa kuvulia samaki na sindano nene, ukivuta kingo zikutane. Tundu kubwa liwekewe kiraka cha neti kinachozidi ukubwa wake kwa vidole viwili kila upande, kishonwe kwa kuzunguka mara mbili. Mkanda wa gundi hutosha usiku mmoja tu, na katika joto gundi yake huyeyuka na kuharibu neti inayoizunguka. Zipu ikikwama usiivute kwa nguvu. Isafishe mchanga kwa mswaki, kisha ipitishie nta ya mshumaa.

Tumelazimika kulikunja likiwa limelowa.

Likunjue siku hiyo hiyo mfikapo, hata kama ni usiku na ni kwa kulitandaza sebuleni. Katika joto la pwani ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, na madoa yake kwenye turubai la pamba hayatoki. Kama lilikuwa ufukweni, lisuuze kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila sabuni ya kufulia, kwa kuwa sabuni huondoa utando unaozuia maji. Likaushe kivulini, zipu zikiwa wazi, na uligeuze mara moja ili pindo la chini, ambalo hushika maji kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, likauke pia kabla ya kulirudisha mfukoni.